MV Liemba: Meli Iliyofunguliwa, Ikazamishwa, Ikafungwa Upya

Mtu aliyejaaliwa kupata gari la zamani, la aina ambayo kiwanda kiliacha kuiunda miaka mingi iliyopita, na akaamua kulifufua uani kwake, hukutana na somo moja mapema sana. Hulifungua lote, akavipanga vipuri juu ya magunia, akavisafisha kwa mafuta ya taa, kisha akatamani kuliongezea nguvu. Akipachika injini kubwa kuliko ile ya asili, punde hugundua kwamba breki hazitoshi, kwamba springi za mbele zinalala kwa uzito mpya, na kwamba gari lililokuwa likikata kona kwa utulivu sasa lataka kutoka barabarani. Alidhani amebadili kitu kimoja. Kumbe amebadili gari zima.

Somo hilo hilo, kwa kipimo kikubwa zaidi, limekuwa likifundishwa katika bandari ya Kigoma kwa zaidi ya miaka 100. Chombo kinachohusika si gari bali ni meli ya chuma, MV Liemba, yenye urefu wa meta 71 hivi na upana wa meta 10. Imefunguliwa vipande vipande, ikaungwa, ikazamishwa kwa makusudi, ikaopolewa, ikazama tena, ikaopolewa tena, ikavuliwa injini zake za mvuke na kuvishwa za dizeli, na kila mara imefanyiwa matengenezo hayo papo hapo penye ziwa lake. Haikuwapo njia nyingine. Ziwa Tanganyika humwaga maji yake magharibi kwa mto Lukuga kuelekea mto Kongo, lakini meli haiwezi kupita humo hadi baharini. Meli iliyomo ziwani humo haiwezi kupelekwa kiwandani. Kiwanda hakina budi kuifuata meli.

Masanduku yaliyotoka Papenburg

Meli hii iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer huko Papenburg, Ujerumani, wakati Tanganyika ilipokuwa koloni la Wajerumani. Jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Götzen, kwa heshima ya gavana mmoja wa koloni hilo. Kule Papenburg haikukamilishwa. Mabamba yake na mataruma yake yaliunganishwa kwa bolti tu, ili kuthibitisha kwamba kila tundu linaoana na tundu mwenzake. Kisha yote yakafunguliwa tena na kutiwa katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku hayo yalisafirishwa kwa bahari kutoka Hamburg hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo kwa reli ya kati, ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914. Mafundi watatu wa kiwanda hicho, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, waliyafuata ili kusimamia kazi ya kuunga. Kazi yenyewe, ile ya kubeba, kuwasha moto, kushikilia bamba na kugonga nyundo, ilifanywa na vibarua wa Kiafrika pamoja na mafundi wa Kihindi, ambao majina yao hayatajwi sana katika vitabu vya historia ya meli hii.

Yafaa kutua hapa kidogo. Wakati huo huo Ujiji, mwendo mfupi tu kusini mwa Kigoma, ilikuwa na waunda mashua wake. Kwao kuunda ni kukata ubao kwa jicho na mkono, kuusogeza, kuuchonga tena mpaka ukae, na kuziba mwanya kwa kalafati. Ubao mmoja haufanani na mwingine, na mashua mbili za fundi yule yule si pacha. Meli ya masanduku ilikuja na fikira nyingine: kwamba bamba lililokatwa Papenburg litakaa mahali pake Kigoma bila kuchongwa upya, kwa sababu vyote viwili vimepimwa kwa kipimo kimoja na kutiwa namba. Fikira hiyo ndiyo iliyoifanya meli hii iweze kufunguliwa na kufungwa. Hata hivyo ule ustadi wa Ujiji, wa kuutazama ubao uliooza na kuubadilisha peke yake bila kuvunja mashua nzima, ndio ulioihitajika baadaye, miaka ya kufunguliwa ilipofika.

Ribiti

Kilichochukua nafasi ya bolti za Papenburg ni ribiti. Ribiti ni kipande cha chuma chenye umbo la msumari mnene wenye kichwa upande mmoja. Huchomwa motoni mpaka iwe nyekundu, hutupiwa fundi, hupenyezwa katika matundu ya mabamba mawili yaliyolaliana, na hapo hapo upande wa pili hugongwa mpaka uwe kichwa cha pili. Mtu aweza kudhani kwamba kinachoyashika mabamba ni vichwa hivyo viwili tu. Lakini siri imo katika kupoa.

Chuma hutanuka kikipata joto na husinyaa kikipoa. Kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, chuma chenye urefu wa meta moja hubadilika kwa kiasi cha milioni 12 ya meta. Chukua ribiti ambayo sehemu yake iliyo kati ya mabamba ni milimeta 20, iliyogongwa ikiwa na joto la nyuzi 800, kisha ikapoa hadi nyuzi 25. Kama ingekuwa huru ingefupika kwa karibu milimeta 0.19. Kiasi hicho ni kidogo machoni, lakini ribiti haiko huru: mabamba yamo katikati ya vichwa vyake na hayakubali kupungua. Kwa hiyo ribiti hubaki imevutika kama kamba ya ngoma, na mvutano huo huyabana mabamba kwa nguvu kubwa sana. Meli ya ribiti, basi, hushikwa na maelfu ya ribiti zinazotaka kufupika lakini haziwezi. Fundi mkongwe huijaribu kila moja kwa nyundo ndogo: ile iliyobana hulia mlio mkavu, na iliyolegea hujibu kwa sauti butu.

Meli ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Vita Kuu ya kwanza ilikuwa imekwisha anza, na badala ya kubeba abiria na mizigo, meli ilifungwa mizinga na kubeba askari.

Grisi iliyoshinda miaka minane

Katikati ya mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yalikuwa yakiikaribia Kigoma. Kamanda wa Wajerumani ziwani, Gustav Zimmer, aliamuru meli izamishwe ili isitekwe. Wenye kupewa kazi hiyo walikuwa mafundi wale wale walioiunda, nao hawakutaka kuiangamiza. Walizipaka injini grisi nzito kila mahali, meli ikajazwa mchanga, na tarehe 26 Julai 1916 ikazamishwa taratibu karibu na Kigoma, katika kina cha meta 20 hivi. Haikulipuliwa. Waliitunza kama mtu afichavyo chombo shambani akitumaini kurudi kukifukua.

Mwalimu wa kemia atatambua mara moja walichokifanya. Kutu si kazi ya maji peke yake, wala ya hewa peke yake. Ili chuma kipate kutu hapana budi viwepo vitu viwili pamoja, maji na oksijeni. Jaribio la misumari mitatu linaonyesha jambo hilo vizuri: mmoja uwekwe katika chupa yenye hewa kavu, wa pili katika maji yaliyochemshwa ili kuitoa hewa, kisha yakafunikwa kwa tabaka la mafuta, wa tatu katika maji ya kawaida yaliyo wazi. Baada ya juma moja ni ule wa tatu tu utakaokuwa na kutu ya kuonekana. Grisi ya mwaka 1916 ilizifanya injini kuwa mfano wa msumari wa pili.

Lakini mwili wa meli wenyewe haukupakwa grisi, nao pia uliokoka. Hapa ziwa lilisaidia. Kutu ni tendo la umeme: elektroni hutoka sehemu moja ya chuma na kwenda nyingine, na ayoni zilizomo majini hukamilisha njia. Maji yanayopitisha umeme vizuri huharakisha kutu. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi. Lita moja ya maji ya Ziwa Tanganyika ina zaidi kidogo ya nusu gramu ya chumvi za namna zote. Aidha maji ya ziwa hili si asidi bali ni alikali, yenye pH karibu na 9 upande wa juu, na chuma hudumu zaidi katika alikali hafifu kuliko katika asidi. Lau meli ingezamishwa katika bandari ya Dar es Salaam, hadithi ingekuwa nyingine.

Kuiopoa

Wabelgiji waliiopoa meli, lakini kabla haijafanya kazi ikazama tena katika tufani. Kigoma ilipokabidhiwa kwa Waingereza mwaka 1921, meli ilikuwa bado chini ya maji. Iliopolewa kwa mara ya pili tarehe 16 Machi 1924.

Fizikia ya kuopoa meli huanza na kanuni ya Archimedes: kitu kilichomo majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kiliyoyahamisha. Chuma ni kizito kuliko maji kwa mara 7.8, hivyo tani 1,000 za chuma kitupu zikiwa chini ya maji hupunguziwa tani 130 hivi, na tani 870 zilizobaki huendelea kulala pale. Ili meli iinuke yenyewe ni lazima maji yaliyomo ndani yatolewe na nafasi yake ichukuliwe na hewa. Na kwa meli hii mchanga nao ulikuwa mzigo juu ya mzigo.

Hapo watu wengi husema: si waweke pampu juu ya chombo kingine na kuyavuta maji? Haiwezekani, na sababu yake ni ya kidato cha pili. Pampu haivuti maji. Huondoa hewa katika bomba, na ni kanieneo ya hewa ya nje inayoyasukuma maji kupanda. Ufukoni mwa bahari kanieneo hiyo yaweza kupandisha maji meta 10.3 na si zaidi. Kigoma iko meta 770 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi zaidi, na kikomo hushuka hadi meta 9.4, katika kazi halisi ni pungufu ya hapo. Kwa hiyo yeyote aliye na chombo katika kina cha meta 20 hana budi ama kuishusha pampu iyasukume maji kutoka chini, ama kuingiza hewa kwa nguvu, ama kuipandisha meli kidogo kidogo kwa kuifunga kwenye matishari na kuisogeza penye kina kifupi.

Kuna hatari pia. Katika kina cha meta 20 kila meta mraba ya bamba hubeba tani 20 za maji. Maadamu meli imejaa maji, uzito huo umo ndani na nje na bamba halisikii kitu. Ukiyatoa maji ya ndani kabla meli haijapanda, mlango mmoja wa ngama wenye ukubwa wa meza ya darasani huelemewa kama na lori zima lililopakiwa. Meli nyingi zimevunjwa na waokoaji wenye haraka.

Ilipofika juu, injini zilionekana zinafaa kutumika tena. Baada ya matengenezo ya miaka mitatu meli ilirudi kazini tarehe 16 Mei 1927 kwa jina jipya la Liemba, jina ambalo David Livingstone alilisikia kwa wenyeji wa sehemu ya kusini ya ziwa mwaka 1867. Haikuwa tena meli ya vita. Ilikuwa na vyumba vya abiria na ngama za shehena.

Mvuke waondoka

Kwa nusu karne Liemba ilikwenda kwa mvuke. Katika miaka ya 1970 injini hizo ziliondolewa na dizeli zikawekwa. Mpenzi wa mitambo ya kale ataliona jambo hilo kuwa la huzuni, kwa kuwa injini zilizonusurika kwa grisi na bidii ya namna ile zilistahili angalau kubaki mahali pa kutazamwa. Hata hivyo hesabu ilikuwa dhidi yake.

Injini ya mvuke ya meli ya zama hizo hugeuza kuwa mwendo sehemu 10 hivi tu katika kila sehemu 100 za nishati iliyomo katika fueli yake. Zilizobaki hupotea katika bomba la moshi na katika maji ya kupozea. Dizeli hugeuza sehemu 35 au zaidi. Tena kilo moja ya kuni kavu ina megajuli 15 hivi, na kilo moja ya dizeli ina 43. Tukichukua boila inayolishwa kuni, kila kilo ya kuni humpatia nahodha megajuli 1.5 za mwendo. Kilo ya dizeli humpatia 15. Ni mara 10. Kinachotakiwa kubebwa hupungua kwa kadiri hiyo hiyo, na ngama hupata nafasi ya dagaa, mahindi na mchele. Boila nayo huhitaji saa nyingi kupata joto kabla ya safari, na watu wa kuilisha usiku na mchana.

Mwaka 1993, kwa msaada wa Denmark, meli ilifanyiwa matengenezo mengine makubwa: injini mpya za dizeli ziliwekwa, mwili ukarekebishwa, na nafasi ya abiria ikaongezwa hadi kufikia 600. Hapa ndipo linaporudi lile somo la gari la uani.

Jambo lisiloonekana kwa macho

Boila za mvuke ni vitu vizito mno, tena hukaa chini kabisa ya meli zikiwa na maji ndani yake. Mwenye kuziondoa anapunguza uzito, naye aweza kufurahi. Lakini ameuondoa uzito wa chini. Akiongeza vyumba juu ya sitaha, ameongeza uzito wa juu. Kila moja kati ya hatua hizo hukipandisha kitovu cha uzito, yaani ile nukta ambayo uzito wote wa meli ni kama umekusanyika hapo.

Meli ikilala upande mmoja, umbo la sehemu iliyozama hubadilika, na nguvu ya maji inayosukuma juu huhamia upande ule ulioinama. Mstari wa nguvu hiyo hukata mstari wa katikati wa meli katika nukta inayoitwa metasenta. Metasenta ikiwa juu ya kitovu cha uzito, nguvu hizo mbili huirudisha meli wima. Vikikaribiana, meli hurudi kwa uvivu. Kitovu cha uzito kikipanda juu ya metasenta, meli haitasimama wima tena; italala upande, na mzigo ukiteleza itapinduka. Umbali kati ya nukta hizo mbili ndio uhai wa abiria, nao hauonekani kwa kuitazama meli gatini, hata kama rangi yake ni mpya na injini zake zinaimba.

Hapana haja ya kueleza kwa nchi hii maana ya jambo hilo. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba, ikiwa imezidisha abiria, ilipinduka katika Ziwa Viktoria karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa wakiwa karibu na nchi kavu.

Kwa bahati njema kipimo cha umbali huo ni rahisi, na kinaweza kufanyika Kigoma bila ya mtambo wowote wa kigeni. Huchaguliwa asubuhi tulivu kabla ya upepo kuanza. Kamba za gatini hulegezwa, maji ya ngama hutolewa yote, maana maji yanayotembea huru ndani ya meli huharibu kipimo kama yanavyoiharibu meli safarini. Timazi ndefu hutundikwa ndani. Kisha uzito unaojulikana husogezwa kutoka katikati ya sitaha kuelekea ubavuni, na fundi husoma timazi imesogea kiasi gani.

Tuchukue mfano wa darasani, ambao si kipimo cha Liemba yenyewe. Meli ina tani 1,500. Tani 5 zimesogezwa meta 6, na timazi ya meta 3 imehama sentimeta 10. Zidisha uzito uliohamishwa kwa umbali wake: 30. Tanjiti ya pembe ya kuinama ni 10 kugawanya kwa 300. Ukiizidisha kwa tani 1,500 utapata 50. Gawanya 30 kwa 50: jibu ni meta 0.6. Metasenta iko sentimeta 60 juu ya kitovu cha uzito.

Sasa tuondoke darasani. Katika vituo vingi vya Liemba hapakuwa na gati. Meli ilisimama mbali na ufuko, honi ikalia, na mitumbwi na mashua vikaizunguka vikiwa na abiria, magunia, mbuzi na samaki. Kila mtu alitaka kuona na kupokewa mzigo, na watu wakakimbilia upande mmoja. Watu 100 wenye kilo 60 kila mmoja ni tani 6. Wakisogea meta 5, wametoa 30 ile ile ya jaribio letu. Meli ya mfano wetu italala kiasi kwamba ubavu mmoja wa sitaha ya meta 10 utakuwa chini ya mwenzake kwa sentimeta 33. Hilo lavumilika. Lakini ikiwa marekebisho yasiyopimwa yamepunguza ule umbali kutoka sentimeta 60 hadi 20, watu wale wale wakifanya jambo lile lile wataishusha upande mmoja kwa meta nzima.

Ndiyo sababu haitoshi kuuliza ikiwa injini mpya ina nguvu. Inafaa kuulizwa ni kitu gani kizito kimetiwa chini kuchukua nafasi ya kilichotolewa. Wenye majahazi ya pwani walilijua hilo kabla ya vitabu: jahazi lisilo na shehena hutiwa farumi ya mawe.

Unene wa bamba

Mwishoni mwa miaka ya 2010 Liemba ilisimamishwa kazi, na katika miaka ya 2020 Serikali ilianzisha mradi wa kuikarabati upya. Hoja ya kwanza ya wahandisi katika kazi ya namna hii huwa si injini bali bamba la zamani: limebaki unene gani? Zamani lilitobolewa ili lipimwe. Siku hizi hutumika sauti yenye mitetemo mingi kupita kiasi cha sikio. Sauti hiyo husafiri katika chuma kwa meta 5,900 kwa sekunde, hupiga upande wa pili wa bamba na kurudi. Bamba la milimeta 8 hurudisha mwangwi baada ya milioni 2.7 ya sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya milioni 2.0, bamba limebaki milimeta 5.9, na kutu imekula zaidi ya robo.

Bamba lililokonda hubadilishwa, na hapo huja shauri gumu. Kuchomelea ni haraka na hakuhitaji kundi la wagonga ribiti, ambao ufundi wao umeadimika. Lakini moto wa kuchomelea ukikaribia mstari wa ribiti huzipasha joto upya; hutanuka, na zikipoa hazirudii mvutano wao wa kwanza. Bamba jipya laweza kuwa imara, na maji yakaingilia kando yake. Tena ufa ukianza katika meli iliyochomelewa waweza kukimbia kutoka bamba moja hadi jingine kana kwamba ni bamba moja, ilhali katika meli ya ribiti husimama mwisho wa bamba. Fundi mwangalifu hukata bamba lote bovu mpaka kwenye maungio yake, wala hatii kiraka juu ya kiraka. Hufanya vile afanyavyo fundi wa Ujiji kwa ubao wake.

Kazi hiyo ni ghali, na wapo wanaouliza kama si afadhali meli mpya. Swali ni la haki. Lakini lijibiwe na wanaoishi ufukoni. Mwezi Mei 2015, maelfu ya watu waliokimbia Burundi walikusanyika Kagunga, kijiji cha ufukoni kaskazini mwa Kigoma ambacho hakikuwa na barabara ya kuwatoa. Liemba ilikwenda na kurudi, ikasimama mbali na ufuko kama kawaida yake, na mitumbwi ikawaleta watu ubavuni mwake, mamia kwa mamia.

Walimu wanaotaka kulionyesha darasani jambo lililoelezwa hapa wachukue kopo la mstatili la sadini, walielekeze wazi juu katika karai la maji na kuweka kokoto chache chini yake. Kijiti kisimamishwe katikati kwa udongo wa mfinyanzi, na kipande kimoja cha risasi kifungwe juu yake, kwanza chini karibu na kokoto, kisha kikipandishwa sentimeta moja baada ya nyingine. Kila mara kopo lisukumwe kidogo kwa kidole, na wanafunzi wahesabu sekunde linazotumia kurudi wima. Wataona kwamba kabla ya kupinduka halitoi onyo lolote isipokuwa moja: hurudi polepole zaidi kila mara. Kisha kokoto ziondolewe, na jaribio lirudiwe tangu mwanzo.